Nilimpelekea Mzazi Kuku Mgonjwa, Lawama Nikambebesha Mtu wa Kuja

Jina langu halitawasaidia kitu, na wanaonijua watanijua tu. Nianze na lile baya lenyewe. Mimi ni mwanamke mzima, mama wa watoto, mwimbaji wa kwaya, na nilimpelekea mzazi kuku mgonjwa huku nikijua ni mgonjwa. Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nikapigiwa hata vigelegele!

Kama unasoma huku unatafuta mahali pa kunihurumia, acha. Mimi mwenyewe nimepatafuta sijapaona.

Ninaishi Turwa, hapa Tarime, upande ule ambako nyumba zinaishia na mashamba ya mahindi yanaanza. Mume wangu nitamwita Baba Robi. Anafanya biashara ya nafaka, leo yuko Sirari, kesho yuko ng'ambo Kenya kwa dada zake. Ng'ombe ni wake, shamba ni lake. Kuku walikuwa wangu, na kiburi changu chote kilikaa kwenye kuku hao.

Jamani, nilikuwa na kuku! Matetea weusi wenye vifua vipana, majogoo yanatembea uani kama yenyewe ndiyo yamejenga. Mtu akitaka mayai ya kuatamisha alikuja kwangu. Wanawake wa jumuiya yetu waliniita mwalimu wa kuku, nami nikawafundisha kwa dharau. Huyu namwambia banda lako linanuka. Yule namwambia wewe si mtu wa kufuga, nenda buchani. Na chanjo nilikuwa nawaimbia kila tukikutana. Chanjeni kuku! Kila baada ya miezi mitatu, tone moja kwenye jicho, mnangoja nini?

Mwalimu mwenyewe sikuchanja. Msimu ule nilisema nitachanja wiki ijayo, na wiki ijayo nikasema ijayo. Ovyo kabisa! Muda wangu nilikuwa naumaliza kwenye mazoezi ya kwaya, nakosoa sauti za wenzangu.

Jirani yangu nitamwita Ghati. Ni binti mdogo, ameolewa mji wa pili, yaani boma la pili kutoka kwangu, anaishi na mama mkwe wake. Mume wake ni kijana wa kazi za mbali, anaonekana mara chache. Ghati aliniita dada, na aliniita kwa moyo. Mimi ndiye niliyempa matetea wake wa kwanza. Nilimfundisha kuwaatamisha kuku kadhaa kwa pamoja ili watotoe siku moja, halafu vifaranga wote anapewa tetea mmoja awalee. Nilimfundisha kujifungia stoo na kumulika yai kwa tochi ya simu, aone kama lina mishipa au ni viza. Alikuwa anakuja mbio kuniambia, "Dada, yote yana watoto! Yote!" Utafikiri ameyataga yeye.

Katika ule mji kila kitu kilikuwa cha baba mkwe au cha mume. Kuku tu ndio alioweza kusema, hawa ni wangu.

Basi Ghati akajifungua mtoto wa kike, mtoto wa kwanza. Sisi wanawake wa jumuiya tukapanga kwenda kumwona Jumapili baada ya ibada. Kwenye mazoezi ya kwaya watu wakaanza kugawana: huyu sabuni, huyu unga wa uji, huyu kanga. Mimi nikasimama, nikawakatiza kabisa. "Ninyi bebeni sabuni zenu," nikasema. "Kuku wa mzazi ataletwa na mimi. Kuku wa maana, si hao wenu wanaoonekana mifupa." Wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mmoja.

Jumapili asubuhi nikafungua banda. Jogoo mmoja amelala chali, amekufa. Tetea mmoja amesimama kwenye kona, macho amefumba, mabawa yameshuka kama amevalishwa koti la mtu mwingine. Chini kinyesi cha kijani, majimaji. Sikuhitaji kuambiwa. Ni kideri, huo ugonjwa ambao wengine wanauita mdondo. Ukiingia bandani unafagia.

Wakati bado nimesimama pale, nikasikia kengele ya baiskeli barabarani. Alikuwa Mama Neema. Huyu ni mwanamke wa Singida. Mume wake alikuja huku kufuata dhahabu, yuko kwenye mashimo kule Nyangoto. Yeye alikuwa amepanga chumba hapa Turwa, anapita mtaani na tenga nyuma ya baiskeli, ananunua kuku na kuwapeleka kwenye hoteli za Bomani. Mpole, haongei sana. Mtaani watu walimwita mtu wa kuja, hata mbele yake.

Nikamwita haraka haraka. "Mama Neema, njoo uchukue kuku. Leo nataka kupunguza, chukua wote hawa."

Aliegemeza baiskeli, akachungulia bandani. Hakumgusa hata mmoja.

"Dada, hawa hawako sawa," akasema.

"Hawako sawa vipi?"

"Si unaona mwenyewe? Siwezi kuwapakia hawa kwenye tenga langu, nitaua kuku za watu. Ungefunga geti dada, wasitoke kabisa."

Nikamjibu kwa ukali, "Nani kakwambia wewe ni daktari wa mifugo? Kama hutaki, pita."

Akapita. Alisema tu, "Pole dada," akapanda baiskeli yake. Kumbukeni hilo: mtu huyu alinipa pole.

Sasa nisikilizeni nilivyofikiri, maana nataka mwone akili ya mtu mwenye kiburi inavyofanya kazi. Nikasema, nikienda kanisani mikono mitupu watanicheka. Nikasema, kuku wa mzazi anachinjwa siku hiyo hiyo, anachemshwa, anakuwa supu, kideri hakimshiki binadamu, kwa hiyo nani ataumia? Hakuna! Nikajiona nina akili sana. Nikachagua tetea mmoja mweusi ambaye bado alikuwa anasimama vizuri. Kinyesi chake nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Nikamfunga miguu kwa utambi wa kanga, nikavaa gauni langu la kitenge, nikaenda zangu kumwimbia Mungu.

Tulipofika kwa Ghati mama mkwe wake alitupokea vizuri, mama wa watu. Tukamwamkia shikamoo, tukaketi, tukapewa uji. Ghati akatoka chumbani na mtoto kwenye kanga. Zamu yangu ilipofika nikasimama na yule kuku. Vigelegele! Mmoja akasema, "Huyu dada hana mchezo." Na mimi nikainamisha kichwa kidogo, kama mtu asiyependa sifa. Ptuu!

Ghati akampokea yule tetea, akamtazama, akaanza kutokwa na machozi.

"Dada, huyu simchinji," akasema. "Mama ameshanichinjia wake, supu ipo ya kutosha. Huyu nitamfuga. Nataka mtoto wangu akue amkute, nimwambie huyu kuku uliletewa na mama yako mkubwa siku ulipozaliwa."

Wanawake wakafurahi, wakapiga makofi. Nilikuwa na nafasi hapo hapo. Ningesema, hapana mdogo wangu, mchinjeni leo, ndiyo mila. Uongo, lakini ungeokoa. Ningemvuta pembeni nimwambie ukweli wenyewe. Mdomo wangu, ambao haufungi mtaa mzima, siku hiyo ulifunga.

Halafu akanishika mkono. Akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye viota vyake. Matetea walikuwa wamepangana wanaatamia, na mayai yalikuwa yameanza kutoboka. "Sikiliza dada," akasema. Akachukua yai moja akaliweka sikioni kwangu. Kifaranga alikuwa analia ndani.

Nikasikiliza. Nikatabasamu. Nikamwambia hongera, nikarudi kunywa uji.

Kwangu walikufa wote. Wengine shingo zilijipinda mpaka kichwa kikatazama mgongo, wanazunguka zunguka uani kama walevi, wanaanguka. Baba Robi alikuwa safarini. Nikachimba shimo nyuma ya migomba nikawafukia, na wengine, kwa uvivu, nikawatupa korongoni ambako mbwa wa watu wanapita. Ndiyo, hilo nalo nilifanya. Sikumwambia mtu yeyote. Mwalimu wa kuku atasema nini?

Zikapita siku chache, Ghati akaja. Mtoto yuko mgongoni, mwenyewe hata kutembea bado hajatembea vizuri. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda napepeta mchele. Hakukaa. Alianguka magotini mbele yangu.

"Dada nisamehe," akasema. "Kuku wako amekufa. Amekufa mikononi mwangu."

Niliendelea kupepeta.

"Wote wamekufa dada. Na vifaranga. Walitoka vizuri, wengi, wazuri, wakakaa siku mbili tatu, wakaanza kusinzia mmoja mmoja. Mimi mchafu, najua. Nimezaa, sikufagia banda. Wewe ulinipa kuku mzima kwa upendo, mimi nikamuua. Mama mkwe ameniambia nije nikuombe radhi kabla hujasikia kwa watu."

Ndugu zangu, mtu ambaye hakunikosea kitu alipiga magoti mbele yangu akalia. Mtoto mgongoni naye akaanza kulia. Na mimi, mimi takataka, nikamwekea mkono kichwani nikasema, "Usilie mdogo wangu. Mimi nimekusamehe. Mambo ya kuku haya, Mungu atakupa wengine."

Nilimsamehe! Mnasikia? Nilimsamehe!

Akaniuliza kwa upole, huku anajifuta, "Na kwako dada? Sijaona kuku uani."

Hapo nikaogopa. Nikamkumbuka Mama Neema. Yule alikuwa ameona banda langu asubuhi ileile ya Jumapili. Akisema neno moja tu nimekwisha. Nikaona nimuwahi.

"Hata kwangu wamekufa," nikasema. "Na mimi najua umetoka wapi huo ugonjwa. Ni yule mtu wa kuja na tenga lake. Jumapili ile alipita kwangu akashikashika kuku zangu zote. Anabeba mizoga ya huko anakotoka anatuletea hapa."

Uongo niliusema mara moja tu. Kazi iliyobaki waliifanya wenzangu, na hapa siwasemi ili nijisafishe, nasema kwa sababu nao ni wa kudharauliwa. Maana kuku walianza kufa mtaa mzima. Wale niliowatupa korongoni walikuwa wamefanya kazi yao. Na watu badala ya kuuliza, walitaka mtu. Bombani, kwenye foleni ya maji, maneno yalikua. Mara anabeba magonjwa. Mara ana dawa za kichawi za Singida. Mara anaua kuku ili watu wauze rahisi. Wanawake wazima, wenye akili, wenye Biblia kwapani! Na mimi katikati yao natikisa kichwa: "Mimi nilimwona tangu mwanzo."

Mageti yakafungwa kwake. Siku moja karibu na kituo cha bodaboda vijana walimzuia barabarani, wakaangusha baiskeli, wakalipasua tenga kwa teke. "Wewe mama, rudi kwenu!" Kuku walitawanyika. Alikuwa anakimbiza kuku peke yake kwenye vumbi, kanga imefunguka, na watu wanacheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mshona nguo, naangalia. Nilicheka pamoja nao. Si kwa sauti kubwa, lakini nilicheka.

Jioni ile akaja kwangu. Hakuingia, alisimama getini. Mkono ulikuwa umechubuka.

"Dada," akasema, "wewe unajua. Jumapili ile nilikwambia nini? Mimi sijagusa kuku yako. Nakuomba, waambie wenzako neno moja tu. Mwenye nyumba ameshaniambia nitoke."

Nikamtazama usoni. Nikasema, "Wewe mama mimi sikujui vizuri. Toka getini kwangu kabla sijapiga yowe."

Hapa kwetu mwanamke akipiga yowe, wanaume wanatoka na mapanga. Yeye alijua hilo, na mimi nilijua kwamba anajua.

Akasema, "Sawa." Akaondoka. Baada ya siku chache nikasikia amehamia Nyangoto kwa mume wake.

Miezi ikapita. Nikaanza kupumua. Mtaa ukatulia, watu wakaanza kutafuta mbegu mpya ya kuku. Ndipo siku moja mchana Ghati akaja tena, mtoto mgongoni, safari hii anacheka. Amebeba kikapu kichwani. Alikuwa ametoka kwao, ng'ambo ya mpaka, kumpeleka mtoto aonwe na bibi yake.

"Dada, kaa chini," akasema. Akafungua kikapu. Mayai, yamepangwa vizuri kwenye pumba, na tetea mmoja kafungwa miguu, anataka kuatamia. "Mama yangu amenipa mbegu. Nusu ni yako. Tuanze pamoja. Wewe ulinipa kwanza, halafu nikakuulia, na hukunisema kwa watu hata siku moja. Mwingine angenitangaza."

Akaanza kunihesabia mayai kwenye ungo wangu. Anaweka moja moja, taratibu.

Sijui ni nini kilitokea. Msiniambie ni Roho, wala dhamiri. Kama ningekuwa nayo ingeamka mapema. Nadhani nilichoka tu kupokea vitu kutoka kwa mtu yule. Nikasema, "Ghati, acha."

"Nini dada?"

"Kuku niliyekupa alikuwa mgonjwa. Nilijua. Banda langu lilikuwa na kideri asubuhi ile. Mama Neema alikataa kuwanunua, akaniambia nifunge geti. Mimi ndiye niliyeuleta ugonjwa kwako."

Alibaki ameshika yai. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alianza kuyatoa mayai kwenye ungo na kuyarudisha kikapuni, moja moja, taratibu vilevile, anayapanga kwenye pumba. Alipomaliza akasimama, akakaza mbeleko ya mtoto.

"Nilipiga magoti hapa," akasema. "Na mtoto mgongoni. Ukanisamehe."

Nikasema, "Mdogo wangu..."

"Usiniite hivyo."

Akachukua tetea wake, akaondoka.

Kabla ya giza mtaa mzima ulikuwa unajua, na Ghati hakuongeza chumvi. Hakukuwa na haja. Waliokuja kuniuliza niliwaambia yote, na kwamba Mama Neema nilimsingizia. Baba Robi aliporudi alisikia barabarani kabla hajafika nyumbani. Aliniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Akavua viatu. Mwisho akasema, "Mura, kumbe sisi ni watu wa namna hiyo." Mura ni neno la kumwita kijana wa kiume, alikuwa anajisemea mwenyewe. Hajanipiga, hajanifukuza. Lakini tangu siku hiyo akitaka kunituma kwa watu anamtuma mtoto.

Nilikwenda Nyangoto kumtafuta Mama Neema. Nilimkuta karibu na soko, anakaanga mihogo, wachimbaji wamemzunguka na vumbi lao jekundu. Nilisubiri mpaka wateja wakapungua. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, nimeshawaambia watu wa Turwa ukweli.

Akageuza mihogo kwenye karai. "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

Hawakusema kitu juu yake. Walinisema mimi. Hakuna hata mmoja, wala wale vijana waliopasua tenga, wala mwenye nyumba, wala wenzangu wa kwaya, aliyesema tumfuate yule mama tukamrudishe.

"Unaona?" akasema. "Nyie ni walewale." Kisha akasema, "Umekuja ili uende kulala vizuri. Mimi sina dawa ya usingizi, nina mihogo. Kama hununui, sogea, wateja wanakuja."

Nikasogea. Mchimbaji mmoja akaniuliza kama niko kwenye foleni.

Hayo ndiyo maisha yangu sasa. Kwaya hawakunifukuza, ila nikisimama kuimba mstari wa mbele unakuwa na nafasi kubwa kulia na kushoto. Kwenye msiba nikipeleka ndizi, nazikuta jioni zimeachwa kwenye kona, hazikumenywa. Nikisaidia kupika wananipa sufuria nisugue. Hakuna anayepokea cha kula kutoka mikononi mwangu. Mwanzoni niliwachukia, nikasema hawa nao wanajifanya malaika, wakati walicheka pamoja nami pale barabarani. Bado nawadharau kwa hilo. Lakini ndizi zangu wanazikataa kwa haki.

Ghati ana kuku tena. Nawasikia asubuhi. Sijawahi kwenda kuwaona na sitakwenda.

Wewe unayefuga, nisikilize. Chanja. Acha kuwafundisha wengine kabla hujachanja wa kwako. Ugonjwa ukiingia, usiuze, usigawe, usitupe mizoga korongoni. Fukia, choma, funga geti. Na kama umeahidi zawadi mbele za watu na huna, nenda na mikono mitupu, wakucheke, watanyamaza. Kuchekwa ni kitu kidogo sana jamani! Mimi niliogopa kuchekwa kwa nusu saa tu.

Usiniandikie kuniambia Mungu husamehe. Nenda bandani sasa hivi uwatazame kuku wako mmoja mmoja, na ukimkuta aliyesinzia, toka nje upige kelele majirani wote wasikie.